Magego ya Mzee Tollefson

Arvid Tollefson alitengeneza meno ya watu kwa miaka arobaini na mmoja, na kwa muda wote huo hakusifiwa hata siku moja. Si kwamba kazi yake ilikuwa mbaya. Ilikuwa nzuri kupita kiasi, na hapo ndipo penye tatizo: jino la bandia likiwa zuri hakuna anayeliona, na likishaonekana basi fundi kaharibu. Shukrani na keki za Krismasi zilikuwa zinaishia kwa daktari kule mbele. Arvid alikuwa katika chumba cha nyuma chenye dirisha moja, miwani ya kukuza usoni, akichonga nta. Siku aliyostaafu walimpa saa ya ukutani, na karani aliyemkabidhi alimwita Arnold mara mbili.

Baada ya mkewe kufariki, alihamia kwa mwanawe Kurt huko Brandt Falls, Wisconsin. Kurt alikuwa dereva wa malori ya masafa, siku nyingi hayupo, kwa hiyo nyumba ilikuwa mikononi mwa mkewe, Colleen, na binti yao wa miaka tisa, Marit. Arvid alipewa chumba cha chini ya nyumba kwa ajili ya vifaa vyake, ambavyo Colleen alimsihi kwa upole avigawe, naye kwa upole akajifanya hasikii.

Colleen ndiye aliyekuwa mlezi wa kikosi cha skauti wasichana pale mjini, wasichana tisa kwa jumla. Kila kiangazi vikosi vya wilaya nzima hukutana kambini, Ziwa Pinnock, na huko kuna jambo moja ambalo wasichana hulijali kuliko kuogelea, kuimba na kulala kwenye mahema: vidude vya kubadilishana. Kila mmoja huja na vitu vidogo alivyotengeneza kwa mkono wake, kila kimoja kina pini. Ukikutana na msichana wa kikosi kingine unampa chako, anakupa chake, unakichomeka kwenye kofia. Siku ya mwisho mtu hujulikana kwa kofia yake. Ikiwa imejaa, umeishi. Ikiwa tupu, afadhali ungebaki nyumbani.

Kikosi cha Brandt Falls kilikuwa na doa. Mwaka uliotangulia walipeleka mbegu za mwaloni zilizobandikwa macho, na gundi ilikuwa hafifu, hivyo kufikia siku ya pili macho yote yalikuwa yamedondoka njiani na wasichana wa vikosi vingine wakawa wanawaita Vipofu. Marit alirudi na vidude vinne kofiani, kimoja alikiokota. Alitangaza mezani kwamba hataki tena kuwa skauti, anataka kuwa mtu wa kawaida.

Mwaka huu Colleen aliapa mambo yatakuwa mengine. Alinunua pamba, vitambaa na gundi ya moto ili watengeneze bundi wadogo, thelathini kwa kila msichana, mia mbili sabini kwa jumla. Kisha, wiki tatu kabla ya kambi, alipanda ngazi kuzibua mfereji wa paa, ngazi ikateleza, akaanguka juu ya maua. Mkono wa kulia ulifungwa plasta kuanzia vidoleni hadi juu ya kiwiko.

"Baba," alimwambia Arvid, "utawasimamia tu. Wanajua wenyewe la kufanya."

Hawakujua. Jumamosi ile wasichana tisa walikaa kuizunguka meza ya jikoni na baada ya saa moja kulikuwa na bundi kumi na mmoja, hakuna wawili waliofanana na hakuna hata mmoja aliyefanana na bundi. Arvid alipita nyuma yao na mikono mgongoni, kimya, kwa jitihada kubwa. Alipofika kwa Tova Lindquist, mkubwa wao, miaka kumi na mmoja, mwenye ulimi usio na breki, jitihada zilimwishia. Akamwinua bundi kwa vidole viwili.

"Huyu ana jicho tumboni," alisema.

"Limeteleza, babu."

"Basi lirudishe."

"Gundi imeshakauka. Na nani atajua?"

"Mimi nitajua," Arvid alisema, na akateremka chini kutafuta koleo ndogo, maana hata pini zilikuwa zimekaa upande.

Kosa lake lilikuwa kuuacha mlango wazi. Alipogeuka, wasichana wote tisa walikuwa wameshuka nyuma yake na walikuwa wameshafungua droo. Tova alikuwa ameshika mataya ya plasta, la juu na la chini, akiyagonganisha na kuyasemesha kwa sauti ya Colleen kuhusu umuhimu wa kunawa mikono. Wengine walikuwa wanapitisha magego kutoka kiganja hadi kiganja kama lulu. Arvid alijiandaa kuwafukuza. Lakini Marit, ambaye aliishi juu ya vitu vile miaka miwili bila kuruhusiwa kuvigusa, alimuuliza polepole kama jino moja huchukua muda gani kutengenezwa.

"Inategemea," Arvid alisema. "Jino lipi?"

Hakuna aliyekuwa amewahi kumuuliza swali la kazi yake tangu mwaka wa 1953, naye alijibu kwa dakika arobaini na tano. Bundi hawakutajwa tena.

Wiki mbili zilizofuata, kila alasiri, chumba cha chini kilikuwa karakana. Arvid aliwafundisha kuchanganya unga wa plastiki na maji yake ya kuugandisha, kuukandamiza kwenye kalibu, kusubiri, kufungua, kusugua kwa tupa ndogo, kung'arisha kwa kitambaa. Pini ilipandikizwa kwenye mzizi mchanganyiko ukiwa bado laini. Alikuwa mkali. Gego la juu lina mizizi mitatu, la chini miwili, na msichana aliyeleta gego la juu lenye mizizi miwili alirudishwa mwanzo hata alipolia. Wakati wa kuchagua rangi alitoa ubao wake wenye vijino kumi na sita, kuanzia weupe wa maziwa hadi rangi ya mtu aliyekunywa kahawa na kuvuta kiko tangu vita. Alitarajia wachague weupe. Wote tisa walichagua la kiko.

Ugomvi wa kweli ulizuka wasichana walipotaka meno yaliyotoboka. Arvid alikataa katakata. Miaka arobaini na mmoja hakuwahi kutoa jino bovu mkononi mwake, na hataanza leo. Tova alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kama hakuweza au hakutaka. Siku ya pili asubuhi kulikuwa na meno ishirini yametobolewa vizuri ajabu, kila tundu na giza lake, na matano kati yake yalikuwa yamezibwa kwa rangi ya dhahabu.

Colleen aliletewa sanduku siku moja kabla ya safari. Alilifunua kwa mkono wake mzima. Meno mia mbili sabini yalimkenulia, yamepangwa safu kwa safu.

"Baba," alisema, "mimi nilisema bundi."

Ila muda wa kufanya kitu kingine haukuwepo. Ijumaa waliondoka.

Jumamosi saa tano asubuhi simu ililia. Alikuwa Colleen, akipiga kutoka ofisi ya kambi, na sauti yake ilikuwa ile ya mtu anayejizuia asicheke mbele ya watu wasiocheka. Alimweleza mambo kwa mpangilio. Jana jioni meno yalipokelewa vizuri, vizuri mno. Kanuni ni kimoja kwa kimoja, lakini kabla ya chakula gego lilikuwa linachukuliwa kwa vidude vitatu, na lenye dhahabu kwa saba. Kisha msichana mmoja mdogo wa kikosi cha Bi Pruitt alimuuliza Marit meno haya ameyatoa wapi. Marit, ambaye hasemi uongo, alijibu kwamba babu yake anayo masanduku mazima chini ya nyumba, ameyakusanya kazini miaka arobaini.

"Ni kweli," Arvid alisema.

"Najua ni kweli, Baba. Sikiliza kwanza."

Tova alikuwa karibu. Badala ya kufafanua, aliongeza kwamba lile lenye dhahabu lilikuwa la meneja wa benki, ambaye hakulihitaji tena. Kufikia kifungua kinywa kambi ilikuwa imegawanyika. Wasichana kama arobaini walikuwa wanalia. Wengine sitini walikuwa wamepanga foleni mbele ya hema la Brandt Falls, wakitaka ya marehemu. Delphine Pruitt, mlezi mwenye kikosi kikubwa kuliko vyote na kofia iliyopigwa pasi, alipita hema kwa hema akayakusanya meno yote kwenye mkebe wa kahawa, na sasa alikuwa anataka yazikwe kwa heshima, kando ya ziwa, na sala fupi. Mkuu wa kambi, Lorna Beckwith, alikuwa anaomba tu mzee mwenyewe aje aeleze.

Arvid alivaa tai. Alichukua mkoba wa vifaa na kuendesha gari dakika hamsini, akifanya mazoezi ya maelezo yake kwa sauti, na njiani yalisikika ya kuridhisha sana.

Alifika wakati wa chakula cha mchana. Wasichana mia na sitini walikuwa bwaloni mbele ya mikate ya soseji. Bi Beckwith, mwanamke mpana na mchangamfu mwenye filimbi shingoni, alimsimamisha mbele, karibu na mkebe. Arvid alionyesha unga. Alionyesha chupa ya maji yake, kalibu, tupa. Alieleza kwamba hakuna jino hata moja humo lililowahi kukaa kinywani mwa mtu. Msichana mdogo wa meza ya mbele, yule aliyeanzisha maswali, alinyoosha mkono.

"Lakini yanafanana na ya kweli kabisa," alisema, kama anayemshtaki.

Sifa aliyoingoja Arvid miaka arobaini na mmoja ilikuwa imekuja, na imekuja kama ushahidi dhidi yake. Ilimbidi anywe maji.

"Asante," alisema mwishowe.

"Sasa mwenyewe yuko wapi?" mtoto aliuliza.

Alieleza tena, na tena mtoto alingoja amalize na kuuliza mwenyewe yuko wapi. Meza za nyuma wengine walianza kulia upya. Arvid aliona kwamba maneno hayatafika popote. Kilibaki kitu kimoja cha kufanya, kitu ambacho hata marehemu mkewe alikiona mara moja tu, kwa bahati mbaya, mwaka wa homa kubwa. Aliwapa mgongo kidogo, akageuka tena, na kiganjani mwake kulikuwa na meno yake yote, ya juu na ya chini.

Uso wake ulikuwa umefupika kwa inchi nzima.

"Haya ni yangu," alisema, na bila meno yaliyofuata yalitoka hivi: "Haya nimeyatengenesha mwenyewe. Hakuna aliyekufa. Mimi hapa nimeshimama."

Kisha mtoto wa meza ya mbele alicheka, kicheko cha tumboni, na kikashuka meza kwa meza mpaka mikate ikaanza kuanguka. Waliokuwa wanalia walicheka wakilia. Walitaka ayavae na kuyavua tena. Tova, kutoka nyuma, alipaza sauti akamlaumu kwamba walikuwa na kitu kama hicho nyumbani siku zote na wao wakapewa magego.

Bi Pruitt peke yake hakucheka. Alisimama, akanyoosha kola yake, akasema kwa utaratibu kwamba anashukuru kwa maelezo, ila bado haoni kama ni jambo la kufundisha wasichana. Meno ya bandia ni masikitiko ya mtu, alisema, ni siri yake, si pambo la kutembea nalo kofiani.

Arvid, meno yake yakiwa bado kiganjani, alimtazama akiongea, na ghafla akaacha kusikia maneno. Alikuwa anatazama kinywa chake. Meno manne ya mbele, juu. La pili la kushoto lilikuwa limeupanda upande wa jirani yake kidogo sana, unene wa karatasi, na ukingo wa lile la kati ulikuwa na mchubuko mdogo kama wa mtu anayekata uzi kwa meno. Hakuna mwingine ambaye angeona. Ila mtu hasahau mwandiko wake. Majira ya baridi ya 1979: mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kaanguka kwenye barafu, bahasha yenye taya la plasta na picha moja. Jina hakuwahi kuambiwa.

Bi Pruitt aliona anakotazama. Mkono wake ukapanda wenyewe ukafunika mdomo. Watu wawili tu katika bwalo lile walijua kilichotokea.

"Babu, mbona unamkodolea?" Tova aliuliza, kwa sauti ambayo yeye aliiita ya chini. "Unamjua?"

Wasichana mia na sitini waligeuza shingo. Arvid aliyarudisha meno yake kinywani, ya chini kwanza, bila haraka. Angeweza kumaliza ubishi ule kwa sentensi moja. Ilikuwa tayari ulimini, na ingekuwa tamu.

"Hapana," alisema. "Nimemfananisha."

Bi Pruitt aliketi. Alisema, bila kumwangalia mtu, kwamba kama mkuu wa kambi hana pingamizi basi na yeye hana, na meno yarudishwe kwa wenyewe. Bi Beckwith alipuliza filimbi. Ilichukua saa nzima kwa kila msichana kulitambua jino lake mkebeni, na ugomvi wa yale ya dhahabu ulihitaji waamuzi wawili.

Arvid hakuruhusiwa kuondoka. Walimpa meza ya nje chini ya misonobari, akakaa alasiri yote akiwaonyesha watoto namna ya kusugua mzizi, foleni ikizunguka choo na kurudi. Marit alikaa pembeni yake akipokea na kuainisha, kofia yake imejaa hadi ukingoni, na alimwambia kila aliyefika kwamba huyu ni babu yake, hata waliokwisha kuambiwa. Saa kumi foleni iliitwa ziwani kuogelea. Hapo ndipo Bi Pruitt alipokuja, akakaa upande wa pili wa meza na kuweka mikono yake juu ya mbao.

"Mume wangu hajui," alisema. "Tumeoana miaka kumi na miwili."

"Hakupaswa kujua," Arvid alisema. "Ndiyo kazi yenyewe."

"Kuna moja limekaa upande. La kushoto." Aliligusa kwa ncha ya ulimi, na pengine hakujua kwamba analigusa. "Daktari alipoyaweka aliniomba radhi, akasema fundi kakosea, ayarudishe yanyooshwe. Nilijiangalia kwenye kioo nikakataa. Nililia pale kwenye kiti. Nilikuwa nimejiandaa kumwona mtu mwingine, na niliyemwona alikuwa mimi. Siku zote nimetaka kuuliza kama lilikuwa kosa."

Arvid alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi.

"Uliambatanisha picha," alisema. "Ulikuwa unacheka, umeshika samaki. Lilikuwa limekaa upande."

"Samaki alikuwa wa kaka yangu," Bi Pruitt alisema. "Mimi nilimshika tu." Kisha akacheka, kwanza nyuma ya mkono, halafu akauondoa mkono, na Arvid aliiona kazi yake, meno yote manne, ikiwa kwenye mwanga wa jua kwa mara ya kwanza. Aliitazama kama fundi atazamavyo, kwa kutafuta kasoro. Hakuipata.

Bi Pruitt alifungua mfuko wake akatoa kidude cha kikosi chake: mtumbwi wa gome la mti, mdogo kuliko kidole, umeshonwa kwa uzi mweupe mishono ishirini na minne iliyolingana. Arvid aliugeuza huku na huku kwa heshima. Alikubali kwamba ni kazi. Kwenye mkoba alikuwa amebakiwa na meno machache. Bi Pruitt aliyapekua, akachagua la mbele, jeupe, akalichomeka upande wa ndani wa kola yake, mahali ambapo mtu hawezi kuliona mpaka aambiwe. Akasimama, akanyoosha kofia, na kwenda kuwapigia kelele wasichana wake watoke majini.

Kurudi nyumbani Jumapili ilikuwa kelele tupu. Wasichana tisa walikuwa na kofia nzito kiasi kwamba mmoja aliumwa na shingo, na hakuna aliyewaita Vipofu. Waliitwa Wang'oaji, jina ambalo Tova alidai ndiye aliyelibuni. Colleen aliendesha kwa mkono mmoja na nusu. Alipofika alishuka chini ya nyumba, akatazama droo zilizojaa hadi dari, na hakusema neno juu ya kuzigawa. Badala yake alimuuliza Arvid kama anahitaji taa ya pili.

Mwezi wa kumi ilikuja barua ya kambi yenye kanuni za mwaka unaofuata. Colleen aliisoma kwa sauti mezani, na alipofika ukurasa wa pili akapunguza mwendo. Vidude vyote vitengenezwe kwa mkono. Kimoja kwa kimoja, bila kujali dhahabu. Mabaki ya wafu hayaruhusiwi, wala yanayodaiwa kuwa mabaki ya wafu. Na kuanzia sasa kiungo chochote cha mwili, isipokuwa meno, kionyeshwe kwanza ofisini.

Marit aliacha kutafuna. Yeye na babu yake walitazamana.

"Baba," Colleen alisema, akiikunja barua polepole, "huko chini mnatengeneza nini?"

Arvid aliuliza kama kidole gumba huhesabiwa kuwa kiungo kamili.